Hamali wa Stesheni ya Albany

Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mlioketi chini kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Jioni hii nazungumzia mtu mmoja tu, Henry Johnson. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kubeba mizigo, naomba niifuate mizigo hiyo tangu mwanzo.

Alizaliwa North Carolina, kusini mwa Marekani, akahamia Albany katika jimbo la New York angali kijana. Huko alipata kazi ya uhamali kwenye stesheni kuu ya reli, wale mahamali wa kofia nyekundu ambao abiria huwatambua kwa mbali. Alikuwa mdogo wa mwili: kimo sentimita 163 hivi, uzito haufiki kilo 60. Likumbukeni umbo hilo tutakapofika msituni.

Tarehe 5 Juni 1917, miezi miwili baada ya Marekani kuingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Johnson alijiandikisha jeshini kwa hiari yake. Hakukamatwa, wala hakuitwa kwa barua. Alijiunga na kikosi cha 15 cha askari wa miguu wa New York, kikosi cha watu weusi, kwa sababu wakati ule jeshi la Marekani liliwatenga askari wake kwa rangi; baadaye kilipewa namba 369. Wakavushwa bahari hadi Ufaransa, na walipofika wakapewa kazi ya vibarua. Walishusha shehena bandarini Saint-Nazaire na kutandika reli. Mtu ameacha uhamali ili awe askari, anarudishwa kwenye uhamali, safari hii ndani ya sare!

Hapa nisimame kidogo, maana nasema na watu wa Afrika Mashariki. Katika vita hivyo hivyo babu zetu walitwishwa masanduku ya risasi na magunia ya chakula, wakifuata majeshi yaliyokuwa yakimsaka kamanda Mjerumani von Lettow-Vorbeck. Wengi wao hawakujitolea, walikamatwa vijijini. Kariakoo yetu imepata jina kutokana na kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps kwa Kiingereza, na hadi leo hakuna orodha kamili ya waliokufa. Nikiisoma habari ya hamali wa Albany, nawawaza na hao.

Turudi Ufaransa. Mapema mwaka 1918 Jenerali Pershing, mkuu wa majeshi ya Marekani huko Ulaya, aliwakabidhi askari wa 369 kwa Wafaransa. Wafaransa hawakuwa na muda wa kuuliza rangi. Waliwapa helmeti za Kifaransa, bunduki za Kifaransa, na sehemu ya kulinda ukingoni mwa msitu wa Argonne.

Usiku wa kuamkia 15 Mei 1918 Johnson alikuwa lindoni na mwenzake, Needham Roberts, mbele ya mahandaki. Saa sita ya usiku ilikuwa imeshapita. Wakasikia kitu gizani: ka, ka, ka. Ni koleo linakata seng'enge. Kundi la Wajerumani wasiopungua 12 lilikuwa linanyemelea. Mabomu ya mkono yakaanza kurushwa huku na huku, na Roberts akaumia vibaya, asiweze tena kusimama. Kwa muda alimpokeza Johnson mabomu akiwa amelala. Mabomu yakaisha. Johnson akashika bunduki, akafyatua, kisha katika haraka ile akasukuma ndani ya bunduki ya Kifaransa klipu ya risasi za Kimarekani. Ikakwama. Akaigeuza bunduki rungu, akapiga hadi kitako kikavunjika vipande.

Ndipo alipogeuka akaona Wajerumani wanambeba Roberts kumpeleka mateka. Johnson akachomoa panga lake, panga fupi zito la kijeshi, akawaingilia. Walimtupa Roberts chini. Waliosalia walikimbia na majeruhi wao, wakaacha maiti 4. Mwilini mwa Johnson yalihesabiwa majeraha 21.

Wafaransa waliwavika wote wawili Msalaba wa Vita, nishani yao ya ushujaa, na wa Johnson uliongezwa kuti la dhahabu. Tarehe 17 Februari 1919 kikosi kilipita Fifth Avenue, New York, kwa gwaride, yeye akiwa kwenye gari la wazi na maua mkononi. Picha yake ilitumika kuuzia stempu za kuchangia vita. Nchi yake yenyewe haikumpa nishani hata moja. Hati yake ya kuachishwa jeshi haikutaja majeraha, na mguu wa kushoto ulikuwa na bamba la chuma. Hamali asiyeweza kusimama kutwa ataubeba mzigo gani? Alipohutubia St. Louis akasema wazi jinsi askari weupe walivyowadharau weusi vitani, mialiko ilikatika. Alifariki Julai 1929.

Huko Albany watu waliamini amezikwa kaburi la fukara. Kumbe alikuwa Arlington, makaburi ya mashujaa, na jambo hilo likajulikana karne hii tu. Medali ya waliojeruhiwa alipewa 1996. Nishani ya juu kabisa, Medali ya Heshima, ilitolewa na Rais Obama tarehe 2 Juni 2015, baada ya kupatikana taarifa ya Pershing mwenyewe iliyoandikwa siku chache baada ya mapambano yale. Karatasi ilikuwapo muda wote! Hakukuwa na ndugu wa damu wa kuipokea, ikapokelewa na sajini meja wa jeshi la akiba la New York. Mwaka 2023 kambi moja kubwa ya Louisiana ilipewa jina lake, na 2025 jina hilo likaondolewa.

Needham Roberts, aliyekuwa mikononi mwa Wajerumani usiku ule, alirudi kwao New Jersey. Aliishi hadi 1949.