Kinachouzwa Mnadani ni Karatasi

Wazee wangu, ndugu zangu, thamani ya gari la zamani la mashindano imo kwenye karatasi zake; jambo hili nimelisema kumbi nyingi na leo nalirudia, kwa sababu maboksi ya picha na karatasi za mashindano bado yanachomwa moto mara tu mwenye gari akishazikwa.

Tuanze na Joginder Singh, dereva wetu wa mbio za magari, Simba wa Kenya. Mwaka 1964 Volvo walileta timu ya kiwanda kwenye mbio za Safari Rally, na magari yao aina ya PV544. Barabara zetu ziliwashinda. Baada ya hapo magari yakauzwa hapa hapa. Joginder na nduguye Jaswant wakanunua moja lililotumika, wakalifungua, wakalitengeneza, na Pasaka ya 1965 wakaondoka na namba 1 mlangoni. Wakashinda kwa zaidi ya saa moja na nusu! Sasa nisikilizeni. Aliyeliuza gari lile aliuza chombo kilichoshindwa. Siku chache za Pasaka zikapita, bodi ni ileile, chasisi ni ileile, tena sasa imechoka zaidi, lakini thamani yake si ile tena. Kilichoongezeka ni nini? Ni ushindi ulioandikwa. Ondoa maandishi yanayoifunga namba ya chasisi na Pasaka ile, na utabaki na Volvo kuukuu ya familia. Mimi naweza kuagiza nyingine kutoka Sweden, niipake rangi, nichore namba 1, na wewe ukiwa na pesa mkononi utanibishia kwa kitu gani?

Najua kuna anayesema moyoni, hayo ni mambo ya matajiri wa Ulaya. Hapana. Matajiri wanakuja kununua huku, na wananunua kwetu kwa bei ya skrepa kwa kuwa sisi wenyewe hatuna cha kuwaonyesha.

Chukueni Ford Sierra RS500. Kanuni za Group A, daraja la mashindano la magari yanayotokana na yale ya kawaida, zilidai kiwanda kitengeneze magari 5,000 ya kawaida, na 500 zaidi kikitaka kuboresha toleo la mashindano. Ford wakatengeneza 500 mwaka 1987, wakayauza takriban paundi 20,000 kila moja. Kanuni ya mashindano ndiyo iliyoleta uhaba, hakuna aliyekuwa anawafikiria wakusanyaji wa magari ya zamani. Mwaka 2023 moja la barabarani, ambalo halikuwahi kushindana, lilikaribia paundi 600,000 mnadani Uingereza. Bei hiyo ilitokana na nini? Lilikuwa limetembea maili kama 5,000 tu, na yote hayo yameandikwa. Australia nako, Holden Commodore iliyompa dereva Peter Brock ushindi wa mbio za Bathurst 1982 na 1983 iliuzwa 2018 kwa dola milioni 2.1 za kwao. Gari moja, mashindano mawili, na kila mtu anaweza kuthibitisha ni lile lile.

Wengine mtaniambia FIA, shirikisho la dunia la mashindano ya magari, wanatoa pasipoti ya magari ya kihistoria. Wanatoa, ndiyo. Isomeni vizuri! Ile inaeleza gari limejengwa kwa vipimo vya enzi yake ili liruhusiwe kushindana. Haithibitishi kwamba ndilo lililoendeshwa na fulani mwaka fulani. Gari lililojengwa jana kwa vipimo sahihi linaweza kuipata. Na bei zinavyopanda, ndivyo tamaa ya kuzalisha magari mawili kutoka chasisi moja inavyopanda: mmoja anachukua bodi iliyogongwa, mwingine anachukua kibati cha namba ya chasisi, na kila mmoja anaapa lake ndilo halisi. Kesi za namna hii zinaweza kuamuliwa na picha ya mtu aliyesimama pembeni ya barabara, inayoonyesha kona ya boneti ilivyopinda.

Kuhusu wanaoyafungia magari stoo wakingoja bei, nilikuwa na mengi, nitasema moja tu: Safari Classic, mbio za magari ya zamani, imekuwepo tangu 2003, yaleteni yakimbie, kwani kila mashindano yanaongeza ukurasa kwenye historia ya gari.

Kwa hiyo ukirudi nyumbani, lifute vumbi gari la mzee, piga picha namba ya chasisi na namba ya injini. Kaa na fundi aliyelitengeneza angali hai, andika anayokumbuka, naye atie sahihi na tarehe. Risiti za gereji usizitupe, hata zilizolowa mafuta. Suala la kodi na usafirishaji naona muda hauturuhusu. Mwenye swali na asimame.