Mteja Akikatika, Seva Isife Naye

Hamjambo wenzangu, na poleni kwa foleni ya Mombasa Road. Jioni hii nina swali moja tu. Seva imeandikwa kwenye Linux, sasa inahamishiwa mifumo mingine ya uendeshaji, yaani Windows, macOS au FreeBSD: itajuaje kwamba mteja amekatika, na itafanya nini?

Tumchukue mteja aliye ndani ya matatu ya Rongai, simu mkononi. Akifunga programu vizuri, seva ikisoma soketi (ncha ya muunganisho wa mtandao ndani ya programu) inapata baiti sifuri. Hilo ni lile lile kila mahali, tulipite.

Taabu iko kwenye kuandika. Mwenzako akishafunga soketi, andiko lako la kwanza kwa kawaida hukubaliwa, kwa kuwa keneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) imelipokea tu kwenye bafa yake, yaani hifadhi ya muda. Upande wa pili hujibu kwa pakiti ya RST, yaani "muunganisho huu haupo tena". Ukiandika tena, Unix (familia ya Linux, macOS na FreeBSD) inakutumia ishara ya SIGPIPE, na usipoishughulikia, inaua programu nzima. Abiria mmoja kazima simu pale Bomas, wateja wote wanatupwa nje, na logi yako haina hata mstari mmoja wa kueleza!

Aliyepanga hivyo hakuwa mjinga. Ishara hiyo ilikusudiwa amri zilizounganishwa kwa bomba: msomaji akiondoka, mwandishi naye aache kazi. Kwa seva, mantiki hiyo haifai. Basi puuza SIGPIPE mwanzoni mwa programu, nawe utarudishiwa kosa la EPIPE (bomba limevunjika) badala ya kuuawa. Lakini ukiwa unaandika maktaba, yaani msimbo wa kutumiwa ndani ya programu za wengine, ishara za programu si mali yako. Hapo tumia alama ya MSG_NOSIGNAL (usitume ishara) kila unapotuma kwenye Linux. Kwenye macOS njia iliyozoeleka ni kuweka chaguo la SO_NOSIGPIPE kwenye soketi. FreeBSD inazo zote mbili. Windows haina SIGPIPE kabisa, ila kosa la soketi unaliuliza kwa WSAGetLastError. Anayetazama errno, kigezo ambamo Unix huweka namba ya kosa, huko anasoma habari za jana.

Namba za makosa nazo hazilingani. ECONNRESET (mwenzako amevunja muunganisho) ni 104 kwenye Linux, 54 kwenye macOS na FreeBSD, 10054 kwenye Windows. Mimi sipendi kuona #ifdef, zile amri za C za kuchagua msimbo kulingana na mfumo, zimetapakaa kila faili. Weka kazi hiyo kwenye faili moja, kwenye funksheni moja inayotoa majibu matatu: jaribu tena, mteja ameondoka, au kosa ni letu. Jibu la pili lisiamshe mtu usiku. Kwa mitandao yetu, kukatika ni jambo la kila saa. Na kwenye Linux, accept yenyewe, funksheni ya kupokea mteja mpya, inaweza kukuletea kosa la mtandao la soketi mpya. Usifunge mlango kwa sababu ya mgeni mmoja.

Baya kuliko yote ni ukimya: mtandao umepotea, hakuna RST, hakuna lolote. Kama una data ya kutuma, Linux kwa kawaida itarudia kwa zaidi ya dakika 15 kabla ya kukata tamaa. Kama unasubiri kusoma tu, utasubiri milele. Keepalive ipo, yaani keneli kuuliza yenyewe kama mwenzako yupo, lakini ukiiwasha bila kuibadilisha, Linux na Windows zote husubiri kwa muda wa saa 2 kabla ya kuuliza, kufuatana na RFC 1122, waraka wa kanuni za intaneti wa 1989. Tena muda huo unaitwa TCP_KEEPIDLE kwenye Linux na TCP_KEEPALIVE kwenye macOS. Napendelea itifaki yako yenyewe itume "upo?" na kudai "nipo". Keepalive inathibitisha kwamba keneli ya mwenzako iko hai; programu yake huenda imeganda zamani.

Kuna mkono pale nyuma. Ndiyo, dada? Anauliza kama lugha ya Python inatuondolea haya. Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Inapuuza SIGPIPE yenyewe inapoanza, na tangu toleo la 3.3, makosa ya BrokenPipeError (EPIPE) na ConnectionResetError (ECONNRESET) yote yako chini ya ConnectionError, kwa hiyo ukishika hiyo moja hushughuliki na namba za mfumo. TimeoutError (muda umeisha) lakini haimo humo. Ishike peke yake.