Saiprasi: mdhamini alipogeuka mwenye nyumba

Ndugu zangu hili nimeshalisema sana na leo nalirudia, maana kila nikiitaja Saiprasi lazima mtu aniambie mzee hiyo vita ya 1974 si ilishaisha. Haijaisha, jeshi la Uturuki liko kaskazini ya kisiwa mpaka leo.

Sikilizeni hii ya udhamini. Mwaka 1960 Mwingereza anatoa uhuru, nchi tatu zinasaini mkataba wa kuulinda: Uingereza, Ugiriki na Uturuki. Mdhamini mnamjua, huyo ni wa kusimama na wewe mambo yakiharibika, si wa kuja kukunyang'anya chumba. Sasa 15 Julai 1974 wanajeshi waliokuwa wanatawala Ugiriki kutoka Athens wakapanga mapinduzi kisiwani, Makarios akapinduliwa, yule askofu mkuu aliyekuwa rais, ambaye pale Riruta Nairobi kuna chuo cha mapadri wa Orthodoksi chenye jina lake, mahali pake akawekwa Nikos Sampson. Mdhamini wa kwanza, Ugiriki, kaharibu. Tarehe 20 Uturuki ikashusha askari karibu na Kyrenia, mji wa pwani ya kaskazini, ikasema mkataba unaniruhusu. Na kweli kifungu cha 4 kinaruhusu kuchukua hatua, ila kwa lengo moja tu, kurudisha hali iliyowekwa na mkataba. Haya, tarehe 23 Sampson kaondoka na kule Athens utawala wa kijeshi umeanguka siku hiyohiyo. Sababu imekwisha! Sasa 14 Agosti mnashambulia tena kwa lipi? Maana ni shambulio hilo la pili ndilo lililokata kisiwa, zaidi ya theluthi ikachukuliwa. Na Mwingereza mwenye kambi zake za jeshi humohumo kisiwani, Akrotiri na Dhekelia, anaangalia tu.

Najua kuna atakayesema Waturuki wa kisiwani waliteswa kwanza. Kweli, silifichi, kuanzia Desemba 1963 waliuawa, wakakimbia vijiji vyao wakabanana kwenye vieneo vidogo, hata ule mstari wa kijani unaoigawa Nicosia, mji mkuu, ulichorwa wakati ule. Walistahili haki yao. Lakini Wagiriki wa kisiwani zaidi ya laki moja na nusu kung'olewa makwao, hiyo ndiyo haki yenyewe?

Naambiwa muda, sawa, Varosha, ule mtaa uliohamwa ukafungwa, na kura ya 2004 ya kuunganisha kisiwa naziacha. Waliopotea siwaachi. Watu 2,002, Wagiriki 1,510 na Waturuki 492, kuna kamati ya pande zote mbili inafukua mifupa, inapima vinasaba, inawakabidhi ndugu wazike. Karibu nusu hawajapatikana na wazee wanaojua yalipo mashimo walimofukiwa wanakufa mmoja mmoja, nani atakuja kuonyesha?