Ubingwa wa Dunia wa Mshipi: Enzi za Samaki Wadogo

Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, vijana, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeombwa nizungumzie mashindano ya kimataifa ya kuvua kwa mshipi, enzi zile kabla kila mtu hajawa na kamera mfukoni. Najua kuna waliokuja kwa ajili ya pilau. Hamna neno, itafika.

Nianze na swali ambalo mzee wangu mmoja amenibana nalo pale mlangoni: ni kweli watu wazima hufunga safari hadi nchi za watu, huvua, hupimiwa kwenye mzani, kisha huwarudisha samaki wote majini? Ni kweli, mzee. Tena bingwa wa dunia hurudi nyumbani na medali. Pesa zilikuwa kwenye mashindano ya kawaida ya Uingereza, ambako wachezesha kamari walisimama ukingoni na kupokea dau kama kwenye mbio za farasi. Kwenye ubingwa wa dunia mtu alivulia bendera.

Ubingwa huo ulianza 1957 huko Liège, Ubelgiji. Mfumo uliokuja kuzoeleka ni huu: kila nchi inaleta wavuvi watano, ukingo wa mto au mfereji unagawanywa sehemu tano, A hadi E, na kila timu inakuwa na mtu wake mmoja katika kila sehemu. Mahali pa kukaa panapatikana kwa kura, na ukiangukia pabaya ndiyo imetoka, huhami. King'ora kinalia, watu wanavua (enzi zile kwa muda wa saa tatu), kinalia tena, mizani inapita. Aliyeongoza sehemu yake anapewa pointi 1, wa pili 2, na kuendelea. Pointi za watu watano zinajumlishwa, na timu yenye pointi chache ndiyo bingwa.

Hapo kwenye pointi naomba mnisikilize vizuri. Ukivua kilo 20 na anayekufuata akavua kilo 2, umemzidi pointi moja tu. Lakini mwenzako wa sehemu D akitoka mikono mitupu, amekubebesheni pointi za mtu wa mkiani, na kazi yako nzuri imekwenda na maji. Hesabu hii haina habari na mtu wa samaki mmoja mkubwa. Inamtaka mtu asiyekosa, hata kama anachopata ni kidogo.

Waingereza walilipia somo hilo kwa miaka mingi. Nao hawakuwa wageni wa mambo haya. Mashindano yao ya kitaifa yalianza 1906, na walikuwa na mafundi wa kutisha mmoja mmoja. Billy Lane, mwenye duka la zana za uvuvi mjini Coventry, alikuwa Mwingereza wa kwanza kuwa bingwa wa dunia, 1963, huko Wormerveer, Uholanzi. Robin Harris akafuata 1969, Ian Heaps 1975 nchini Poland, Dave Thomas 1981 kwenye mto Avon, nyumbani kwao. Mabingwa hao wote, na hadi hapo timu ya Uingereza ilikuwa haijawahi kushika dhahabu hata mara moja! Mtu mmoja anang'ara, wanne wanazama.

Walichokosa ni nini? Wao walikuwa watu wa rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Walirusha boya mbali, wakaliacha lichukuliwe na mkondo, ndoanani wameweka funza wa nzi, wakisubiri samaki wa maana. Ni uvuvi mzuri kuutazama, sikatai. Wafaransa, Wabelgiji na Waitaliano walikuwa na fito ndefu zisizo na rili kabisa. Mshipi umefungwa kwenye ncha, mwembamba kama unywele, boya dogo linaning'inia pale pale unapolitaka, wala halihami. Samaki akikamatwa, mvuvi anausukuma ufito nyuma yake, anauachanisha kwenye kiungo, anabaki na vipande vya juu tu mkononi, anamchukua samaki, anauunga tena. Fundi akifanya hivyo huwezi kuona alipokata wala alipounga. Robert Tesse wa Ufaransa alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, 1959, 1960 na 1965, na bado wapo wazee wanaolitaja jina lake.

Halafu kuna chambo. Wenzao wa Bara, yaani Ulaya ng'ambo ya bahari kutoka Uingereza, walitumia viluwiluwi vyekundu vya usubi, vile vinavyoishi kwenye matope ya madimbwi. Ni vyembamba mno. Ndoana ikiwa nene kidogo, kinapasuka na kubaki ngozi tupu. Sehemu nyingi za Uingereza zilipiga marufuku chambo hicho kwenye mashindano, eti kinaharibu mchezo. Huko kaskazini-magharibi ya nchi, upande wa Lancashire, watu walikizoea, na sidhani ni bahati tu kwamba Kevin Ashurst, bingwa wa 1982 kule Newry, Ireland ya Kaskazini, alikuwa mtu wa pande hizo.

Sasa niwaonyeshe jambo ambalo televisheni haikuwahi kulionyesha vizuri, nalo ni ndoo ya chakula cha kuwaita samaki. Asubuhi ya mashindano, kabla ya mtu kugusa ufito, yupo amepiga magoti na karai. Ndani yake kuna unga wa mikate na biskuti zilizosagwa, mahindi, viungo vya siri ambavyo hata mkewe hajui. Anatia maji kidogo, anachanganya kwa vidole, anaacha unywe, anatia tena. Kisha anausukuma wote kwenye chekecheke ili pasibaki donge. Anachanganya na udongo, maana udongo ndio unaoupeleka mzigo chini bila kuwashibisha samaki. Anafinyanga tonge moja, analidondosha majini karibu na miguu yake, anainama kutazama: limevunjika likiwa juu, katikati, au limefika chini zima? Mto wenye mkondo unataka tonge gumu, mfereji uliotulia unataka laini. Sheria ilimpa kipimo, lita 17 au 20 za mchanganyiko na lita mbili na nusu za chambo, na wakaguzi hupita na vyombo vya kupimia. Ikilia ishara ya kumwaga, ukingo mzima unatupa matonge kwa pamoja, maji yanachemka, na kwa dakika chache husikii mtu anayezungumza. Mimi nasema nusu ya medali hutolewa hapo, kabla ndoana haijalowa. Wapo watakaobisha, na nitawasikiliza tukishakula.

Na samaki wenyewe? Kwenye mito mingi ya Ulaya kulikuwa na yule ambaye Waitaliano humwita alborella, mng'avu kama dagaa, mmoja hana uzito hata wa gramu 20. Mwingereza wa kale alimwona ni usumbufu. Mwitaliano alichukua ufito mfupi, akawa anamtoa mmoja kila baada ya sekunde chache kwa saa tatu mfululizo. Ukimzidi jirani yako samaki kumi kwa dakika kumi, mwisho wa siku mzani wako umeinama.

Basi ikaja zamu ya Barnsley, Yorkshire, mji wa migodi ya makaa ya mawe. Huko kulikuwa na timu iliyoitwa Barnsley Blacks, na kutoka humo akaja Dick Clegg, aliyekuja kuwa meneja wa Uingereza. Timu ikaanza kuvua maji ya Bara kwa namna ya Bara: fito ndefu, viluwiluwi, mazoezi ya siku kadhaa kwenye maji yenyewe, na watu watano wanaoelezana kila walichogundua badala ya kufichana. Mwaka 1985, kwenye mto Arno mjini Florence, Uingereza ikatwaa dhahabu ya timu kwa mara ya kwanza, na Dave Roper akawa bingwa wa mtu mmoja mmoja. Ikatwaa tena 1987 na 1988.

Zana nazo zilikuwa zimebadilika. Fito za nyuzi za kaboni zilikuwa nyepesi kiasi kwamba mtu aliweza kushika mita nyingi kwa saa tatu, mpaka ikabidi zikomewe kwenye mita 13. Kaboni hupitisha umeme, na wapo wavuvi waliopoteza maisha kwa kugusa nyaya zilizopita juu ya mto. Chubwi za madini ya risasi nazo Uingereza ilizipiga marufuku kuanzia 1987 kwa sababu zilikuwa zinawaua mabata-maji kwa sumu. Zilizobaki ni zile ndogo kabisa na zile nzito sana.

Miaka ile pia mashindano yalivuka mipaka ambayo watu wa kawaida hawakuivuka kirahisi. Tom Pickering alishinda Plovdiv, Bulgaria, mwaka 1989, mwaka uleule utawala wa Zhivkov, kiongozi wa kikomunisti wa nchi hiyo, ulipoanguka. Bob Nudd alishinda 1990 Maribor, na nchi iliyoandaa iliitwa Yugoslavia. Mwaka uliofuata akashinda tena huko Hungaria, na Yugoslavia ilikwisha kuanza kumeguka. Nudd huyohuyo alishinda 1994 Nottingham, kwenye ziwa la Holme Pierrepont lililochimbwa kwa mashindano ya makasia. Maji yake ni mstari ulionyooka, hayana kona wala kivuli cha kumfichia mtu kosa. Timu yake ikachukua dhahabu siku hizo hizo. Taji la nne alilipata Hispania, 1999.

Katikati ya mataji hayo ya Nudd akatokea Alan Scotthorne, naye mtu wa Barnsley: 1996 Italia, 1997 Hungaria, 1998 Zagreb, Kroatia. Matatu mfululizo, kisha 2003 na 2007. Mataji matano, na hakuna aliyewahi kufika hapo kabla yake. Kijana pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja viluwiluwi. Karibu, uliza.