Pluto, Snoopy na Scooby: mbwa unayemuona akiwaza

Haya karibuni jamani, nyie wa nyuma sogeeni, mbele viti bado vipo. Leo naongelea mbwa wa katuni wa Marekani na kwa kweli nina hoja moja tu: hawa mbwa hawakupendwa sababu ya sura wala vituko, walipendwa sababu watu waliwaona wakiwaza.

Najua kuna mtu ataniuliza, iweje Goofy ni mbwa na anavaa suruali na anaongea, alafu Pluto naye mbwa ila anavishwa kola na anafugwa, tena anafugwa na panya, yaani Mickey Mouse wa Disney? Jibu liko kwenye kazi waliyopewa. Goofy alivyotokea 1932 tayari alikuwa kama mtu, mwenye masikio ya mbwa na kicheko chake kile. Pluto yeye asili yake ni filamu ya 1930 ambayo Mickey katoroka jela na mbwa wanamfuata kwa harufu, hata jina hawana. Jina la Pluto limekuja 1931, na mwaka huohuo wakamjaribu kumpa maneno kidogo, ila baada ya hapo karibu siku zote ni kimya.

Sasa mhusika hasemi, mchoraji afanyeje? Hapa naomba tutulie kidogo. Mwaka 1934 kwenye filamu ya Playful Pluto, mchoraji Norman Ferguson kachora kipande ambacho Pluto anakalia karatasi ya gundi, ile ya kunasia nzi. Anavuta, inahamia mguuni, anaitoa mguuni inaganda puani, ndo hivyohivyo. Ukihadithiwa unaona ni vichekesho vya kawaida, lakini angalia katikati ya mkasa mmoja na mwingine: mbwa anasimama, anatulia, jicho linahama taratibu, nyusi zinapanda, na wewe unaona kabisa kwamba amepata wazo, tena unajua wazo lenyewe halitamsaidia, unamsubiri tu. Zamani mhusika wa katuni alikuwa anakimbia, anaanguka, anapigwa, basi. Hapa kicheko kinatoka kwenye kichwa cha mbwa. Wachoraji wa Disney wenyewe walikuja kukitaja kipande hiki kama somo, na mimi nasema yeyote anayetaka kuchora katuni akiangalie mpaka akijue picha kwa picha.

Alafu kuna Snoopy, na huyu nampenda kuliko wote sifichi. Aliyemchora, Charles Schulz, kakulia Minnesota huko Marekani, nyumbani kwao walikuwa na mbwa anaitwa Spike ambaye alikuwa anameza vitu vya ajabu, mpaka pini na nyembe, na Schulz akiwa bado mwanafunzi alimchora akatuma mchoro ukachapishwa gazetini 1937. Katuni yake ya magazetini, Peanuts, ilianza tarehe 2 Oktoba 1950 kwenye magazeti 7, siku mbili baadaye Snoopy huyo hapo, mbwa wa kawaida wa miguu minne. Mwaka 1952 Schulz akaanza kumwekea mawazo kwenye kiputo juu ya kichwa. Jamani hiyo ilibadilisha kila kitu, maana wale watoto kwenye katuni hawayasikii, msomaji ndo anayasikia, kwahiyo wewe na mbwa mna siri yenu. Ndo maana 1965 alivyopanda juu ya banda lake akajiona rubani wa vita ya kwanza ya dunia, Schulz hakuhitaji kuchora ndege, banda ni lilelile, ndege iko kichwani kwa Snoopy na wasomaji wote wakaiona.

Na ilifika mbali. Januari 1967 moto uliwaua wanaanga watatu wa Apollo 1 wakiwa bado chini, na NASA, shirika la anga la Marekani, wakawa wanatafuta namna ya kila fundi kukumbuka usalama, wakamchukua Snoopy awe alama yao. Toka 1968 wanaanga wanawapa wafanyakazi beji yake ya fedha, na beji yenyewe inakuwa imesharuka angani. Mei 1969 chombo cha Apollo 10 kilichoitwa Snoopy kilishuka mpaka kama kilomita 15 kutoka kwenye Mwezi, bila kutua.

Scooby-Doo nitampitia haraka. Kaanza Septemba 1969 kwenye televisheni, na studio iliyomtengeneza, Hanna-Barbera, walikuwa wanabana matumizi, michoro michache, miondoko inarudiwarudiwa, kwahiyo zile nyusi za Ferguson huzipati. Umbo lenyewe ndo lilibeba mzigo. Mchoraji Iwao Takamoto alimuuliza mfugaji mbwa wa aina ya Great Dane, wale wakubwa sana, anatakiwa aweje, akaambiwa mgongo ulionyooka, miguu iliyonyooka, kidevu kidogo, akaenda akachora kinyume chake: mgongo umeteremka, miguu imepinda, kidevu kikubwa. Kwahiyo hata akiwa amesimama tu, kabla hajafungua mdomo, mtoto anayemuangalia ameshajua huyu anaogopa na ana njaa.