Kusakinisha upya kompyuta ya zamani: kuondoa Windows 10 na kuweka Linux Mint

Ndugu mtazamaji, karibu. Katika video hii tutachukua kompyuta ya nyumbani ambayo umri wake umesonga, tuondoe Windows 10 iliyomo, kisha tuweke mfumo wa uendeshaji wa Linux Mint mahali pake. Nimechagua njia hii kwa sababu Microsoft ilimaliza utoaji wa kawaida wa masasisho ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 pamoja na prosesa za vizazi vya karibuni, masharti ambayo kompyuta nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2018 haziyafikii. Kompyuta ya namna hiyo bado ina miaka ya kazi mbele yake, nami ninaona ni hasara kubwa kuitupa wakati vifaa vyake ni vizima.

Sehemu kubwa ya video itahusu mambo ya kufanya kabla ya kubofya kitufe cha kufuta diski. Usakinishaji wenyewe ni mwepesi, kwa kuwa programu hujiendesha karibu peke yake; kazi inayohitaji uangalifu wako ni ile ya kulinda faili na kuipima mashine.

Tuanze kwa kuitambua kompyuta. Ikiwa Windows bado inawaka, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha bonyeza Enter. Katika dirisha linalofunguka, angalia mambo matatu na uyaandike kwenye karatasi: aina ya mfumo, kiasi cha kumbukumbu ya RAM, na mstari wa BIOS Mode, unaoonyesha namna kompyuta inavyojiwasha: ama Legacy, yaani njia ya zamani, ama UEFI, yaani njia mpya. Aina ya mfumo ikitajwa kwa x64, prosesa ni ya biti 64 na unaweza kuendelea. Ikitajwa kwa x86, huenda ni Windows pekee iliyo ya biti 32, kwa hiyo tafuta sifa za prosesa yako kwa jina lake kabla ya kukata tamaa. Linux Mint 22 inahitaji prosesa ya biti 64, RAM isiyopungua gigabaiti 2, na nafasi ya gigabaiti 20 kwenye diski, ingawa watengenezaji wake wanashauri gigabaiti 4 za RAM na nafasi ya gigabaiti 100. Kwa kompyuta ya zamani, ninashauri toleo la Xfce, kwa kuwa ndilo jepesi kuliko yote katika familia ya Mint.

Sasa tunakili faili. Unganisha diski ya nje, kisha fungua diski ya C, folda ya Users, na humo folda yenye jina lako. Watu wengi hunakili picha na nyaraka wakaishia hapo, lakini vitu vinavyosahaulika ni vile visivyoonekana kwenye dawati: alamisho na manenosiri yaliyohifadhiwa ndani ya kivinjari, faili za barua pepe zenye kiambishi cha pst ikiwa ulitumia Outlook, na data za programu za hesabu, ambazo mara nyingi hukaa katika folda ya programu yenyewe nje ya folda yako. Pitia programu zako moja baada ya nyingine na ujiulize kila moja inaweka kazi yake wapi. Ukimaliza kunakili, chomoa diski hiyo, iunganishe kwenye kompyuta nyingine, na ufungue faili kadhaa za kila aina, kwa sababu nakala ambayo haijafunguliwa huwezi kuitegemea. Faili zisizo na mbadala, kama vile picha za watoto au vyeti vilivyochanganuliwa, ziwekee nakala ya pili mahali pengine.

Hatua inayofuata ni kutengeneza flashi ya kusakinishia. Tafuta flashi ya gigabaiti 8 ambayo haina kitu unachokihitaji, kwa maana kila kilichomo kitafutika. Fungua tovuti rasmi ya Linux Mint, pakua faili ya ISO (faili moja yenye mfumo mzima wa kusakinisha) ya toleo la Xfce, na kutoka ukurasa huohuo pakua faili iitwayo sha256sum.txt. Faili hii ya pili ina mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaotusaidia kujua kama ISO imefika nzima. Fungua dirisha la amri la Windows, andika certutil -hashfile, acha nafasi, weka jina la faili ya ISO na mahali ilipo, acha nafasi tena, kisha andika SHA256. Mfuatano utakaotokea ulinganishe na ule uliomo katika sha256sum.txt. Hata herufi moja ikitofautiana, futa ISO na uipakue upya. Usiruke ukaguzi huu, hasa kama intaneti yako hukatikakatika, kwa kuwa ISO yenye kasoro inaweza kukwama katikati ya usakinishaji, baada ya diski kufutwa.

Kwa kuandika ISO kwenye flashi tutatumia Rufus, programu ndogo isiyolipiwa. Chagua flashi yako juu, chagua ISO, acha mipangilio mingine kama ilivyo, kisha bofya kitufe cha kuanza. Ikikuuliza namna ya kuandika, kubali ile inayopendekezwa.

Zima kompyuta, acha flashi ikiwa imechomekwa, kisha uiwashe huku ukigonga mara kwa mara kitufe kinachofungua orodha ya vifaa vya kuwashia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwenye HP nyingi ni F9 au Esc, na kwenye ubao mama wa Asus mara nyingi ni F8. Kama karatasi yako inasema UEFI, chagua mstari wa flashi unaoanza na neno hilo. Ukishaona orodha ya Linux Mint, chagua mstari wa kwanza; skrini ikibaki nyeusi baada ya dakika kadhaa, washa upya na uchague mstari wa pili, unaotumia hali ya utangamano wa kadi ya picha.

Hapa ndipo ninapoipenda sana njia hii. Linux Mint sasa inafanya kazi kutoka kwenye flashi, na diski yako haijaguswa hata kidogo. Itakuwa nzito kwa sababu inasoma kila kitu kupitia flashi, basi usiihukumu kwa mwendo wake wa sasa. Tumia nafasi hii kujaribu sauti, kamera, printa na intaneti isiyo na waya. Baadhi ya kadi za mtandao za Broadcom huhitaji draiva ya ziada, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kutumia kifaa. Ukikuta mtandao hauonekani, tumia kebo ya mtandao, au unganisha simu kwa waya wa USB na uruhusu simu hiyo igawe intaneti yake.

Kisha fungua menyu, andika Disks, chagua diski kuu, na katika menyu yake ya pembeni fungua taarifa za SMART. Taarifa hizi ni kumbukumbu ambazo diski inajiwekea juu ya afya yake. Sekta ni vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data. Tazama idadi ya sekta zilizohamishwa, yaani mbovu zilizokwisha kubadilishwa na za akiba, na idadi ya sekta zinazosubiri, yaani zinazoshukiwa kuwa mbovu. Sifuri ni habari njema. Kama sekta zinazosubiri zipo na zinaongezeka, usisakinishe chochote kwenye diski hiyo, kwa sababu inaelekea kufa na itakwenda na kazi yako. Hata kama diski ya sumaku ni nzima, ikiwa ni ya mizunguko 5,400 kwa dakika, badiliko moja litakalokupa nafuu kuliko yote ni kuiondoa na kuweka SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ya aina ya SATA ya inchi 2.5. Sijaona mpangilio wowote wa programu unaokaribia nafuu hiyo.

Angalia pia saa na tarehe kwenye kona ya skrini. Ikiwa kompyuta inarudi miaka mingi nyuma kila inapochomolewa umeme, betri ndogo ya ubao mama, ambayo kwa kawaida ni CR2032 ya volti 3, imekwisha. Ibadilishe sasa, kwani tarehe isiyo sahihi huifanya kompyuta ikatae vyeti vya usalama vya tovuti, na masasisho nayo yanaweza kugoma.

Sasa tuko tayari. Chomoa diski ya nje yenye nakala zako. Usiiache ikiwa imeunganishwa kwa kudhani utakuwa makini, kwa sababu katika orodha ya usakinishaji diski zote huonekana kwa majina yanayofanana. Bofya mara mbili ikoni ya Install Linux Mint, chagua lugha na mpangilio wa kibodi, kisha weka alama ya kukubali kodeki, yaani programu za kuchezesha sauti na video. Kwenye mashine yenye Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizotambuliwa wakati wa kuwaka, unaweza kuombwa nenosiri la muda. Liandike, kwa kuwa utaulizwa mara moja kompyuta inapowaka upya. Unapofika kwenye aina ya usakinishaji, chagua kufuta diski yote. Programu itakuonyesha mabadiliko inayotaka kuyafanya. Soma ukubwa wa diski iliyotajwa na uhakikishe ndiyo yenyewe kabla ya kukubali. Baada ya hapo jaza saa za eneo lako, jina na nenosiri, na uiache mashine ifanye kazi. Ikiomba iwashwe upya, chomoa flashi na ubonyeze Enter.

Mfumo mpya ukifunguka, endesha kwanza kidhibiti cha masasisho hadi kisiwe na kitu cha kuleta, kisha kidhibiti cha draiva. Fungua Timeshift na uipangie kuhifadhi hali ya mfumo kila wiki, ukikumbuka kwamba kwa kawaida Timeshift hulinda faili za mfumo tu na haigusi picha wala nyaraka zako. Mwisho, unganisha diski ya nje, nakili faili zako kuzirudisha katika folda ya nyumbani, na uzifungue moja moja zile muhimu. Nakala iliyo kwenye diski ya nje iache palepale. Kuanzia sasa iongezee faili mpya kila mwezi.