Mpako wa Kinga na Nondo za Nyuzi za Kioo Zinapokutana na Moto

Ndugu wahandisi, mafundi na wanafunzi, nawashukuru kwa kuja kusikiliza habari za nondo za nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa rezini, yaani gundi ya plastiki iliyoganda. Nondo hizi haziingii kutu, uzito wake ni kama robo tu ya uzito wa chuma, na ndiyo maana zinawavutia wanaojenga magati na mialo kandokando ya Ziwa Victoria. Sifa hizo ni za kweli. Lakini mwaloni pana petroli ya injini za mitumbwi, pana matanuri ya kukaushia samaki na pana nyavu za nailoni, kwa hiyo lazima tuuzungumzie moto.

Chuma hupoteza karibu nusu ya nguvu zake kinapofika digrii 550 hivi za sentigredi. Nondo ya nyuzi haifiki huko ikiwa salama. Kioo chenyewe huvumilia joto, ila rezini huanza kulainika mara nyingi kati ya digrii 65 na 120, na ikishalainika, nondo huachana na zege hata kama nyuzi zake bado zinaweza kubeba mzigo. Joto likifika kati ya digrii 300 na 400, rezini huvunjika kikemia na kuungua. Ukiishika nondo ya namna hiyo ikishapoa, unakuta nyuzi nyeupe zilizotawanyika kama fagio lililokatika kamba, kila uzi ukiwa peke yake.

Mpako wa kinga hufanya kazi mbili: huchelewesha joto na huzuia oksijeni. Kazi ya pili husahaulika, nayo ni kubwa, kwa sababu rezini iliyonyimwa hewa hugeuka makaa magumu yanayoendelea kuzifunga nyuzi kwa kiasi fulani, badala ya kuteketea na kuziacha zikining'inia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba kila rangi ya kuzuia moto inafaa kupakwa juu ya nondo. Rangi inayokinga kwa kuvimba na kuwa povu huanza kuvimba joto linapokaribia digrii 200 au kuzidi. Ukiipaka kwenye nondo iliyozikwa ndani ya zege, rezini itakuwa imelainika kabla rangi haijaamka, na hata ikiamka haina nafasi ya kuvimbia. Zaidi ya hayo, mpako laini hufunika mchanga na migongo ya nondo, ndiyo inayoshika zege, kwa hiyo unaweza kudhoofisha mshiko siku ambayo hakuna moto wowote. Rangi hiyohiyo ukiipaka kwenye uso wa bimu hufanya kazi vizuri, kwa kuwa uso hupata joto mapema sana: tanuri la kipimo cha kawaida cha moto hufika takriban digrii 842 kwa nusu saa na 945 kwa saa moja.

Lipu ya jasi nayo husaidia, maana maji yaliyofungwa ndani yake hutoka kama mvuke na kulizuia joto lisipande kwa muda. Kwa kuta za ndani naikubali; kwa nguzo inayopigwa na mvua na mawimbi siikubali, kwa sababu jasi huyeyuka taratibu majini. Huko heri lipu ya saruji yenye vermikulaiti, madini mepesi yanayopitisha joto polepole.

Tusisahau pia kokoto zetu. Graniti ya Mwanza ina madini mengi ya kwozi, na kwozi hubadilika umbo na kutanuka ghafla kwenye digrii 573, zege likapasuka na kuiacha nondo wazi kwa joto na hewa. Fundi asiyeweka biskuti, vile vipande vya zege vya kuinulia nondo, na kuilaza nondo karibu na fomu, yaani mbao za kumwagia zege, ameiondoa kinga ya kwanza, ambayo ni unene wa zege linaloifunika, na hakuna mpako utakaoirudisha.

Kwa hiyo naomba mambo mawili yaandikwe kwenye michoro. Kwanza, nondo iliyopakwa ijaribiwe kwa kuchomolewa kwenye zege, kabla na baada ya kupashwa joto, wala tusitosheke na kipimo cha kuivuta nondo peke yake. Pili, ncha za nondo zipitilize hadi mahali ambapo moto hautazifikia, kwa maana zikibaki baridi na zimeshikwa imara, nyuzi za katikati zinaweza kuendelea kubeba slabu hata baada ya mshiko wake kupotea, na watu wakapata muda wa kutoka.